Nilimwita Ntandu Mara Tatu

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nakujibu: soda. Chupa moja ya tangawizi, tena sikuimaliza. Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha hapa Mkiwa, na kesho yake asubuhi nilikuwa na geti la mtu la kumalizia. Mwenye kazi ya moto mbele yake hachezi na bia. Kwa hiyo haya niliyaona kwa akili zangu timamu, na ukibisha, njoo umuulize Mama Neema mwenye baa. Yeye naye alimwona huyo mtu, japo kwa mgongo tu.

Ngoja kwanza nikueleze taratibu zetu za pool, maana usipozijua hutaelewa niliogopa nini.

Baa ya Mama Neema ina meza moja tu, chini ya kibanda cha bati kilicho wazi upande wa barabara. Ukitaka kucheza unaandika jina lako kwa chaki kwenye kibao kilichotundikwa nguzoni. Mshindi anabaki mezani. Aliyeshindwa anampa mwenzake mkono, anatoka, na tukisema anatoka ni kutoka kweli, siyo kuegemea meza na kuanza kufundisha watu. Ukimaliza mipira yako saba ukabakiza ule mweusi, unataja shimo kabla ya kupiga. Ukilaza fimbo juu ya meza mchezo ukiendelea, umekubali kushindwa, hakuna mjadala. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: jina la mtu halirukwi wala halifutwi kienyeji. Zamu yake ikifika na haonekani, aliye mezani anamwita kwa sauti mara tatu, maana huenda mtu yuko msalani, au amevuka barabara kununua vocha. Asipoitika mara ya tatu ndipo linafutwa. Unaweza kucheka, lakini watu wamekunjana mashati pale kwa ajili ya jambo hilo.

Sasa Ntandu. Kwao ni Mtinko, ila alikuwa anafanya kazi hapa kwetu kwenye mashine ya kukamua alizeti, na hata aoge vipi alinukia mashudu, yale makapi ya alizeti. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Watu walisema mpinzani wake ni mimi peke yangu, nami niliwaacha waseme hivyo, lakini moyoni nilijua simwezi. Nilimwonea wivu. Haya, nimesema.

Jumamosi moja nilikuwa nimeshinda michezo mitano mfululizo. Jina lililofuata kibaoni lilikuwa lake. Simu yake ikaita, akatoka kwenda kando ya barabara kuipokea, maana muziki kibandani ulikuwa mkubwa. Zamu yake ikafika. Nilimwona, bwana. Alikuwa hatua ishirini tu kutoka mezani, amenipa mgongo, kaziba sikio moja kwa kidole. Ilinipasa nimwite na sikumwita. Nilifuta jina lake kwa kiganja, nikamwambia aliyefuata, "Ingia, Ntandu kaenda zake."

Kwa nini? Kwa sababu sikutaka anitoe. Ni hilo tu, hakuna lingine.

Aliporudi alikuta mipira imeshapangwa na mtu mwingine. "Umeniita?" akaniuliza.

"Nimekuita mara tatu, kaka. Masikio yako yako kwenye simu."

Watu wakacheka. Kwa muziki ule nani angeweza kusema sikuita? Ntandu alinitazama, hakucheka. Akachukua chaki, akaandika jina lake upya chini kabisa ya orodha, kwa herufi kubwa, akasema atarudi. Akapanda pikipiki yake na kuiondoa kwa hasira. Hakufika mbali. Pale njia panda aliingia mbele ya lori, na tulimzika Mtinko siku ya Jumatatu. Mimi nilishika koleo kama wengine, nikafukia, nikampa mama yake pole, nikarudi Mkiwa.

Jina likabaki kibaoni. Nani angelifuta? Watu walikuwa wanaandika majina yao pembeni yake, wanacheza, wanafuta ya kwao, lake wanaliacha. Wiki mbili nzima nikija pale jicho langu lilikuwa linaanzia hapo. Nililichukia jina lile. Mwisho nikajiambia, hili nitalimaliza mwenyewe, tena kwa sheria.

Ilikuwa jioni, kama saa kumi na mbili hivi, wingu zito na umeme umekatika. Nilikuwa nimemshinda kijana mmoja wa bodaboda, naye akakimbia nyumbani kabla mvua haijashuka. Ikashuka kweli. Mama Neema akakimbilia jikoni kule nyuma kuokoa mkaa wake. Nikabaki peke yangu na meza, na kibaoni jina lilikuwa moja tu.

Nikasimama na fimbo yangu, nikaita kwa sauti ya dhihaka, ile ya kujitoa woga. "Ntandu!" Mvua tu. "Ntandu!" Nikasogea kibaoni, kiganja tayari. "Ntandu!"

"Nipo."

Niamini mimi. Sauti ilitoka upande wa barabara, nzito, kama ya mtu mwenye mafua. Akainama kupita chini ya maji yanayotiririka kutoka kwenye bati, akaingia. Alikuwa amevaa ile suti nyeusi tuliyomzika nayo. Uso ni wake, umetulia vilevile kama tulipouaga, na puani mlikuwa bado na pamba.

Hakunisalimu. Akachukua fimbo ya pili kwa mkono wa kushoto, akaipaka chaki. Halafu akapanga mipira, maana kwetu anayeingia ndiye anayepanga. Aliipanga polepole, kwa adabu, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

"Sheria ni zilezile?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mshindi anabaki," akasema. "Aliyeshindwa anatoka." Na kwa fimbo akanionyesha kule alikotokea.

Nilitazama. Ng'ambo ya barabara kuna maduka matatu na gereji, nayajua kama sebule yangu. Hayakuwapo. Barabara yenyewe haikuwapo. Palikuwa na giza tu, na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Ndipo nikaelewa tunashindania nini. Mmoja wetu angebaki Mkiwa na mwingine angekwenda kule.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Kukimbia kwenda wapi? Njia ya nyuma yeye ndiye alikuwa ameiziba. Na tena, kwetu ukiondoka mezani mchezo haujaisha umehesabiwa umeshindwa, na jioni ile sikuwa mtu wa kujaribu sheria.

Nikavunja ile mipira aliyoipanga. Sijawahi kucheza vile maishani. Mipira iliingia, mmoja, wa pili, mpaka wa tano. Wangu ulipoanguka shimoni niliusikia ukibingirika tumboni mwa meza kama kawaida. Wake ulipoanguka sikusikia kitu. Unazama, kimya. Nilisubiri mlio kila mara na kila mara haukuja. Nikamwomba Mungu, nikamwita mama yangu mzazi, nikaahidi mambo ambayo hata siyakumbuki.

Alimaliza yake yote saba. Ukabaki mweusi, umekaa karibu kabisa na shimo, mpira ambao hata mtoto angeuingiza.

"Shimo la kati," akasema. "Upande wako."

Akainama. Nikaona chaki kwenye ncha ya fimbo, nikaona vidole vyake juu ya kitambaa, kucha zina udongo. Nikafumbua mdomo bila kupanga.

"Ntandu, siku ile sikukuita."

Fimbo ikasimama.

"Uliita mara ngapi?"

"Hata moja. Nilikuona pale barabarani. Niliogopa utanitoa, ndugu yangu, nikakuruka. Nilidanganya mbele za watu."

Nililia. Mwanaume mzima, fundi, nililia kwa sauti mbele ya mtu niliyemfukia kwa koleo. Yeye akainuka taratibu.

"Mimi najua," akasema. "Mama yangu hajui."

Kisha akalaza fimbo yake juu ya meza. Akanyoosha mkono, na sheria ni kupeana mkono, nikampa. Ulikuwa wa baridi na mzito, kama kushika chuma cha alfajiri. "Kamwambie," akasema. Akainama tena chini ya maji ya bati, akatoka.

Mama Neema akaingia na taa. "Nani huyo katoka na suti kwenye mvua yote hii? Ana wazimu?" Akamulika meza, akaona fimbo imelazwa. Akamulika kibao. Kilikuwa kitupu, na mimi sikuwa nimekigusa. Alipofungua meza kesho yake, mipira saba, ile ya Ntandu, ilitoka na udongo mwekundu mbichi, tena udongo wa Mkiwa si mwekundu hivyo. Aliiosha mwenyewe, hakumwambia mtu ila mimi.

Unadhani nilikwenda Mtinko asubuhi ile ile? Sikwenda. Niliona haya, na haya wakati mwingine hushinda woga. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo. Lakini nikishusha ile barakoa ya kuchomelea yenye kioo cheusi na kuwasha moto, ndani ya mwanga namwona mtu wa suti amesimama kwenye geti ninalolichomelea. Nikipandisha kioo, hakuna mtu. Nikishusha, yupo, na kila siku amesogea karibu kidogo. Siku ya nne niliiona hata pamba puani mwake. Siku ya tano nilipanda gari la Singida mjini, nikaunganisha mpaka Mtinko.

Nilimkuta mama yake uani anapeta uwele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akaniletea kigoda. Sikukaa. Nilimweleza yote nimesimama, kuanzia kibao mpaka uongo wangu mbele za watu, hadi mtu wa suti. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Kwa hiyo aliondoka akiwa amekukasirikia wewe?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hakuwa anakuja huku?"

"Huku? Hapana mama. Alisema anarudi kucheza."

Akaweka ungo chini. "Ile simu nilipiga mimi," akasema. "Nilimwambia mbuzi wawili hawajarudi, aje anisaidie kuwatafuta. Nikasikia amekufa na pikipiki. Tangu siku hiyo nasema ni mimi niliyemwita mwanangu barabarani. Nimekula kwa kulazimishwa. Nimeogopa hata kumwambia baba yake."

Alilia mpaka majirani wakaja. Alipomaliza akajifuta kwa khanga, akaniambia, "Umefanya vizuri kuja. Sasa nenda, na usirudi tena hapa kwangu." Nikaondoka.

Tangu siku hiyo kwenye kioo cheusi naona moto wangu tu. Lakini kiganja cha kulia hakijapata joto. Nachomelea chuma kutwa nzima, na jioni mke wangu akinishika anatoa mkono wake haraka. Daktari amekipima, anasema hakina kitu. Pool sichezi tena, na kwenye baa ya Mama Neema napita ng'ambo ya pili ya barabara.

Wewe unayenisikiliza, huenda hujawahi kushika fimbo ya pool maishani. Haidhuru. Kama kuna mtu ulimruka ukanyamaza, usifikiri jambo limezikwa naye. Yupo mama wa mtu mahali fulani anaubeba mzigo wako akidhani ni wake. Nenda leo, ukamwambie, hata akikufukuza.