Mvuje Katika Chungu cha Mama

Utoto wangu niliupitisha roho juu, na sababu yake ilikuwa tumbo la baba.

Tumbo lenyewe lilikuwa na makelele. Akila maharage linavimba, akila ugali wa muhogo linawaka mpaka kifuani, asipokula linanguruma. Baba aliuza mawese pale Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na alikula kama watu wa biashara wanavyokula: amesimama, chakula kimeshapoa, jicho liko kwa mteja. Lakini nyumbani hakuna aliyezungumzia ulaji wake. Bibi, mama yake baba, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa na maelezo yake: mtoto wake alikuwa amelishwa.

Amelishwa na nani? Na mama. Kwingine dawa ya mke kumtawala mume huitwa limbwata. Kwetu watu walisema inzaratsi, kwa Kirundi, hata sisi wa mtaa wa Waswahili ambao Kirundi chetu kilikuwa cha sokoni tu. Mama alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Baraka. Baba yake alikuwa mvuvi Mkristo, na yeye alisilimu alipoolewa. Kwa Bibi hilo lilitosha kumtilia shaka. Tena alikuwa na kipimo: tumbo la mwanamume aliyelishwa huitika mke wake anapomwita.

"Sikiliza weye mwenyewe," aliniambia siku moja. "Mama yako akimuita, utasikia tumbo inaitika."

Nikasikiliza. Ole wangu! Mama aliita, "Baba Zaina, chakula iko tayari," na tumbo la baba likaitika, tena kwa adabu, kama mwanafunzi aliyeitwa jina na mwalimu. Leo nacheka. Tumbo gani la mtu mwenye njaa halingurumi likisikia harufu ya maharage? Lakini wakati ule sikuwa na akili hiyo. Nilijua kitu kimoja: siku Bibi akipata ushahidi, mama atapandishwa mtumbwi arudishwe kwao, na mimi nitabaki, kwa sababu watoto ni wa baba. Basi nikawa mtoto wa vurugu. Kila mama alipokaribia kumwita baba, niliangusha sufuria, nilikohoa, nilimvuta mbuzi mkia, alimradi Bibi asisikie jibu. Majirani walisema mtoto huyu hatulii. Ningetulia vipi?

Nyuma ya uzio wetu wa matete aliishi Mama Lila, mke wa Banyani mwenye duka la vitenge. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alipenda kupiga soga na mama kutoka upande wake wa uzio. Lakini hakuwahi kula kwetu. Hata maji hakunywa. Dini yake ilimkataza nyama na samaki, na chungu kilichopikiwa samaki kilikuwa haramu kwake hata kikisuguliwa kwa mchanga. Rumonge nzima ilijua hivyo kuhusu Mabanyani, na kwa kuwa vyungu vyetu vyote vilinuka ndagala, vile visamaki vya ziwani, hakuna aliyeona vibaya.

Ni yeye ambaye mama alimweleza habari za tumbo. Mama Lila hakugusia uchawi. Aliuliza baba anakula saa ngapi, kama anakunywa maji baridi wakati wa chakula, na choo chake kikoje, maswali yaliyomfanya mama ajifunike uso kwa kitenge.

"Tumbo iko na moto yake," akasema. "Ya bwana yako imezimika. Unamwagia maji baridi, unamuwekea chakula baridi, itawaka namna gani? Washa kwanza moto."

Kabla ya kula, baba atafune kipande cha tangawizi na chumvi. Anywe maji ya moto. Akae chini, asile mbiombio. Na maharage yakaangiwe bizari nyembamba pamoja na chembe ya kitu alichokifunga kwenye karatasi, kinachonuka mpaka machozi yanakutoka. Kwao walikaanga kwa samli. Sisi tulikuwa na mawese tu, naye akacheka akasema moto hauchagui mafuta.

Kitu kile kilikuwa mvuje, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwa Waswahili wa kwetu mvuje hauliwi. Hufungwa ndani ya kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto mchanga, ili jini anuse akimbie. Mimi mwenyewe nilivalishwa. Mama aliyajua hayo, ndiyo maana aliuficha nyuma ya debe la unga. Baba akaanza kupata nafuu. Alikula na kujinyoosha mchana bila kushika kifua. Mimi ndiyo kwanza nikazidi kuogopa, maana tumbo lilipopunguza kelele Bibi alianza kutafuta ushahidi mwingine.

Ijumaa moja, wanaume wamesharudi kutoka msikitini, Bibi aliingia jikoni mama akiwa anakaanga.

"Mvuje!" Sauti yake ilifika barabarani. "Mu chungu ya mutoto wangu! Dawa ya mashetani anamutilia mu chakula!"

"Mama, ni dawa ya tumbo. Nimepewa na Mama Lila."

"Leo leo urudi kwenu! Baba Zaina, umesikia? Mutafutie mutumbwi."

Baba alikuwa ameketi mkekani. Hakusema neno, na hata kwa umri ule nilimwelewa. Akimtetea mkewe, ni inzaratsi inayomsemesha. Akinyamaza, inzaratsi imemfunga mdomo. Bibi akamnyooshea kidole. "Munaona? Hasemi!" Mama alianza kukunja nguo zake huku analia. Nilimng'ang'ania miguu, nikauma kitenge chake kwa meno ili asiweze kuondoka.

"Kama haiko sumu," Bibi akasema, "huyo Muhindi aliyekupa aje aikule."

Alisema hivyo kwa sababu alijua haiwezekani.

Mama Lila alikuwa ameyasikia yote nyuma ya matete. Alizunguka, akaingia kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye mkeka wetu kwa mara ya kwanza.

"Mama Zaina, leta sahani."

Mama alisita. "Mama Lila, jana humu tulipika ndagala."

"Najua. Leta."

Akala. Alikula kwa vidole, polepole, akitafuna vizuri, macho yake kwa Bibi. Mkono wa kushoto ulikuwa umelikamata goti kwa nguvu. Mimi nilidhani anaogopa sumu. Alipomaliza akasema, "Mama, miye niko muzima. Mutoto yako iko muzima. Huyu hana kosa." Na Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akikubali kushindwa, alinyanyuka, akachukua birika, akammiminia maji ya kunawa. Habari ya mama kurudi kwao haikutajwa tena.

Baadaye Bibi alijitengenezea maelezo: mvuje ulimfukuza jini aliyekalia tumbo la mtoto wake. Mama hakubisha. Baba alikula maharage yake.

Kilichofuata nilikiona kupitia uzio. Mama Lila hakuingia tena jikoni kwake. Mama mkwe wake ndiye aliyepika, na Mama Lila aliwekewa chakula peke yake barazani, akala amegeukia ukuta. Ilidumu muda mrefu, na mimi nilidhani anaumwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba machoni pa watu wake alikuwa amejitia unajisi, na mwenye unajisi hagusi vyombo vya nyumba. Alitolewa jikoni kwake ili mama yangu asitolewe jikoni kwetu. Alijua hivyo kabla hajanyoosha mkono, na nadhani Bibi naye alijua, ndiyo maana alichukua birika.

Mwaka wa 1972 mambo yaliharibika. Watu walichukuliwa na hawakurudi. Sina nguvu ya kuyasimulia hapa. Duka la Banyani lilikwisha kufungwa, na wenyewe walikwenda wapi sikuambiwa. Baba alipouliza tukimbilie wapi, Bibi ndiye aliyejibu, mzigo wake uko tayari kichwani.

"Kwao Mama Zaina."

Tukavuka. Wajomba zangu walitupokea, wakatupa chumba, na Bibi alizikwa kule kule.

Watu huniuliza kama naamini inzaratsi. Mimi huwaza mambo mengine. Mwaka ule familia nyingi zilisimama ufukweni hazina wa kumwendea ng'ambo. Sisi tulikuwa na mama, na tulikuwa naye kwa sababu mwanamke mmoja alikula sahani ya maharage ambayo hakutakiwa kuigusa. Kinachonikosesha raha ni kwamba Mama Lila naye alifunga mlango wake akaondoka, na sijui kama alikokwenda kulikuwa na mtu wa kumfungulia.