Nyundo Iliyonasa Kitenge Siku ya Kumtoa Neema

Jamani, hii habari naomba niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mdogo wangu Bahati, kwa sababu Bahati kila anapoisimulia huko Buffalo anakoishi anaongeza idadi ya watu waliolala chini, na mara ya mwisho nimesikia amemlaza hata mchungaji, ambaye siku hiyo hakuwepo kabisa. Ukweli ni mdogo kuliko wa Bahati lakini aibu ni ileile: mimi, dada mkubwa, niliyekuwa nimekaa kwenye kiti cha mama na baba, niliwalaza wakwe zetu kifudifudi juu ya zulia langu, wakiwa na nguo zao za sherehe.

Sisi tuko watatu: mimi, Neema, na huyo Bahati. Wazazi walituacha tukiwa wadogo, na mimi shule niliiachia darasa la sita kule kambi ya wakimbizi ili hawa wawili waendelee, na sijawahi kujuta (isipokuwa siku Bahati anaponisahihisha Kiingereza changu mbele ya watu). Tulipofika Louisville, hapa Marekani, nilifanya kazi ghalani miaka mingi, halafu nikafungua kaduka mtaa wa South End, ka unga wa muhogo, samaki wakavu, mafuta ya mawese na vitenge. Kaduka kenyewe hakakuwa na shida. Shida ilianza mwaka 2015, pale duka la simu, mlango wa tatu kutoka kwangu, lilipovamiwa mchana kweupe na mwenyewe akapigwa kichwani kwa kitako cha bastola. Usiku wangu ukawa wa kuhesabu dari. Sikuwa naogopa kufa, nilikuwa naogopa kuwaacha hawa wawili yatima mara ya pili.

Basi nikaenda kwenye mafunzo, nikalenga karatasi yao, nikapata kibali cha kubeba silaha chini ya nguo, na sikumwambia mtu. Neema alikuwa katika mambo ya uchumba, Bahati alikuwa na mitihani, nikajisemea haya ni mambo ya mkubwa, wadogo wasisumbuliwe.

Siku ya kuchagua sasa. Muuzaji alikuwa mzee mnene wa ndevu nyeupe, mwenye heshima, akaniwekea tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa ile bapa, risasi zake zinakaa ndani ya mpini, unavuta sehemu ya juu kwa nguvu ndipo risasi ya kwanza inaingia. Akanionya kwamba akina mama wengi wanaona kuvuta ni kuzito. Nikavuta mara moja, klak, kama nafungua droo, na mzee akatazama mikono yangu (nimetwanga sombe, majani ya muhogo, tangu nina miaka saba, lakini sikuona haja ya kumweleza). Ila sikuipenda. Kila kitu chake kimejificha; ukiitazama huwezi kujua kama ndani kuna risasi au hakuna, na mimi kitu kinachonificha siri sikai nacho kiunoni.

Ya pili na ya tatu zilikuwa zile za silinda inayozunguka, risasi tano tano, zinafanana kama mapacha. Tofauti ni nyundo tu. Ya pili nyundo yake imefichwa ndani, kazi yako ni kuvuta kifyatulio, mvuto mrefu na mzito, basi. Ya tatu nyundo iko nje nyuma, kama kamkia kamepinda, na ukitaka unaivuta kwa dole gumba kwanza, hapo kifyatulio kinakuwa chepesi. Hii ya tatu nikaipenda papo hapo. Naiona silinda, naziona risasi, naiona nyundo kama imelala au imesimama. Mtu aliyeacha shule mapema anapenda kitu kinachojieleza chenyewe.

Mzee akatikisa kichwa. "Kama ni ya kubeba kila siku chini ya nguo, mama, chukua ya pili. Hii nyundo ya nje itanasa kwenye nguo zako."

Nikacheka! Nikamwambia, "Nguo zenu ninyi ndizo zina mifuko, na zipu, na bitana. Mimi navaa kitenge. Kitenge ni kitambaa kitupu. Itanasa wapi?"

Mzee akajikuna ndevu, nadhani hajawahi kumuuzia mtu wa kitenge, akaanza kuniandikia risiti. Nikadhani nimemshinda.

Kwa miezi mitano nilikuwa kweli nimemshinda. Nilinunua mkanda mpana wa mpira, wenye mfuko ubavuni, nikauvaa juu ya sketi, na juu yake nikafunga kitenge cha pili kama mama yeyote wa kwetu, na hakuna mteja aliyewahi kushtuka. Mwalimu wa mafunzo alikuwa amesema, ukiamua kubeba, beba kila siku, usibebe siku unayojisikia. Na mimi ukiniambia kila siku, ni kila siku. Hata Jumapili? Hapana, kanisani niliiacha kwenye kisanduku chake cha kufuli, kule dukani. Kumbukeni hicho kisanduku kiko dukani, kwa sababu ndicho kilichoniua.

Mchumba wa Neema ni Josue, kijana mpole wa Whitehall, kule Columbus. Siku ya wao kuja rasmi kumwomba ilipangwa Jumamosi saa nane mchana. Na kabla sijafika hapo niseme jambo moja: kulikuwa na maneno kwamba mimi sikubali. Yalianza siku niliposema "Columbus ni mbali," neno moja tu hilo, halafu mtu akaniona nalia ndani ya gari. Mama Josue alishamuuliza Neema mara mbili, "Yaya yako kweli anakubali?" (yaya kwetu ni dada mkubwa). Na Neema alishaniuliza mimi mara tatu. Nilimjibu nakubali, na nilikubali, ila moyo una miguu mizito.

Sasa, kwetu ukiambiwa saa nane, wageni wanafika saa kumi, wakikuheshimu sana saa tisa na nusu. Mama Josue, kwa kutaka kuonyesha heshima isiyo na mfano, aliwaamsha watu wake alfajiri, na saa sita kasoro msafara wa magari manne ulikuwa unapiga honi nje ya nyumba yangu. Mimi ndiyo kwanza natoka dukani na katoni mbili za Fanta begani na mkanda wangu kiunoni. Nikakimbilia chumbani niuvue, nikakuta watoto saba wanaruka juu ya kitanda kwenye makoti ya majirani waliokuja kupika. Niweke wapi silaha? Chini ya mto? Kabatini, na hawa saba? Kwenye gari, mbele ya wakwe wanaoshuka? Nikasema mahali salama kuliko pote ni mwilini mwangu. Mpaka hapo, hata leo, naona nilikuwa na akili. Nikabadilisha blauzi juu, nikafunga kitenge kipya kizito cha maua ya dhahabu, nikatoka kukaa kwenye kiti changu.

Hotuba zikapigwa. Msemaji wao, Mzee Lukasi, baba mdogo wa Josue, ni mtu wa "bon" na "donc" nyingi za Kifaransa, alizunguka kutoka Adamu mpaka Kentucky ndipo akasema wameona ua katika bustani yetu. Nikajibu vizuri. Watu wakapiga makofi. Kisha akaomba ua litolewe.

Vigelegele vikaanza, na hapo ndipo damu yangu ikashuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kwa sababu binti akitolewa, wanawake wanafungua vitenge vyao vya juu na kumtandikia chini atembee juu yavyo mpaka kwa wakwe. Na wa kwanza kutandika, pale mlangoni kabisa, ni mama yake, yaani mimi. Kama mama hajatandika, hakuna mwingine anayeruhusiwa, na binti hawezi kukanyaga. Mama asipofungua kitenge chake, amekataa. Jambo hili nalijua kuliko jina langu, na nilikuwa nimelisahau kwa ajili ya Fanta!

Neema amesimama mlangoni, amefunikwa kichwa. Wanawake wameshika mafundo ya vitenge vyao wananisubiri. Mimi nimesimama, mkono wa kulia umekandamiza ubavu, natabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Waimbaji wakadhani sikusikia, wakaurudia wimbo. Nikasogea kidogo upande wa jikoni, nikidhani nitapenya, nikaona upande wa Columbus wanatazamana. Mwanamke mmoja akasema, hata hakunong'ona:

"Si tulisema? Huyu hakubali."

"Anaondoka sasa! Muone, anaenda jikoni!"

Wimbo ukafa. Na chini ya kile kitambaa nikasikia sauti ya Neema, ndogo, ile ya utotoni:

"Yaya? Si ulisema unakubali?"

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kumvuta Mama Josue pembeni. Badala yake nikaanza kufungua fundo kwa mkono wa kushoto, pole pole, nikipanga kuteremsha kitenge kwa mbele huku blauzi inafunika ubavu, na ningefaulu, wallahi ningefaulu, kama Mama Josue asingekuwa na moyo mzuri. Alinyanyuka, machozi yamemlenga, akaja mpaka kwangu.

"Ngoja nikusaidie, mama mwenzangu. Najua, binti kuondoka inauma."

"Hapana, mama, wacha, wacha..."

"Hii fundo iko nguvu," akasema, akavuta.

Kitenge kikatoka nusu kikagoma. Nyundo imeingia kwenye upindo, pale fundi anapokunja kitambaa na kushona (upindo! kitambaa kitupu kina upindo, mzee wa ndevu, unisamehe popote ulipo). Mama Josue akadhani mimi ndiye ninayeshikilia. Akaweka mguu mmoja nyuma akavuta kwa nguvu za mtu aliyeamka alfajiri, mfuko wa mpira ukatema, na bastola ikaruka hewani ikaning'inia kwenye kitenge changu cha dhahabu kama samaki kwenye ndoana, mbele ya pua ya msemaji.

"Bunduki!"

Nyie, mimi sijawahi kuona. Watu zaidi ya thelathini, sekunde mbili, wote chini. Hakuna aliyepiga kelele ya pili, hakuna aliyeuliza. Wazee wa magoti mabovu wamelala, kina mama wamefunika watoto kwa vifua vyao. Wamarekani wanafundishwa mambo hayo shuleni; sisi hatukufundishwa shuleni. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Mwanzo niliogopa kuchekwa. Sasa niliona watu wangu wakilala kama tulivyolala zamani wakati wa vita, na aliyewalaza ni mimi.

Waliobaki wima ni wawili, mimi na Mama Josue, ambaye bado ameshika kitenge kwa mikono miwili, macho yamefumba, midomo inasali.

"Mama," nikamwambia, "usiachie. Usitikise. Nyundo imelala, naiona, haiwezi kulia. Shika hivyo hivyo."

Nikaichomoa, nikaielekeza sakafuni pasipo na mtu, nikafungua silinda, risasi tano zikamwagika kwenye sahani ya karanga. Nikatoka nje nikaifungia kwenye buti la gari, nikarudi, nikapiga magoti mlangoni mwa nyumba yangu mwenyewe.

"Nisameheni. Hii ni ya dukani, kwa ajili ya wezi. Nimewaficha wadogo zangu miezi mitano. Sikukataa kutandika. Niliogopa mtaiona."

Kutoka chini ya meza ya chakula ikaja sauti ya Mzee Lukasi, tai yake imezama kwenye bakuli la pilipili lililoanguka naye:

"Bon. Donc, munatupatia binti, ao hamutupatie?"

Aliyeanza kucheka ni Neema. Aliinuka pale alipolala, akavua kile kitambaa kichwani (mwiko, lakini nani angemkemea siku hiyo?), akacheka mpaka akakaa sakafuni pembeni yangu, kisha kicheko kikageuka kilio, akanipiga begani ngumi ndogo ndogo. "Miezi mitano, Yaya! Na kama wangekuja dukani wakakuua, mi ningejua kitu gani? Unatulinda bila kutuambia, sisi tuko watoto mpaka lini?"

Nilichukua kile kitenge, kimepasuka upindo, nikakitandika mlangoni kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti wote wasikie: "Ninakubali. Apite." Wanawake wakanyanyuka, wakijipangusa vumbi la zulia, wakatandika vyao, na Neema akapita akiwa bado anavuta kamasi.

Wakwe walinitoza faini, na ni haki yao: harusini Whitehall niende mikono mitupu na kiuno kitupu, nihudumie meza yote ya upande wao, na Mzee Lukasi nimpe tai mpya. Jumatatu yake nilimpigia Bahati, ambaye hakuwepo, tukaongea kila kitu, na kwa ushauri wake na wa Neema nikarudi kwa yule mzee nikabadilisha, nikachukua ile ya nyundo ya ndani. Hakuniambia "nilikuambia." Aliniuliza tu hali ya kitenge.

Siku ya harusi, mlangoni, Mama Josue alinikumbatia. Kwetu tunagusanisha vichwa mara tatu yanaisha, lakini yeye hakuachia. Mikono yake ikanizunguka kiunoni, ubavu wa kulia, wa kushoto, mgongoni, ikarudi ubavu wa kulia.

"Mama, unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Ni upendo tu, mama mwenzangu," akajibu, akaendelea kupapasa.

Basi nimeapa: jambo la ukubwa sitaliamua tena peke yangu gizani, na penye vigelegele chuma changu kitalala kwenye kisanduku. Na kila nikifika Whitehall, kabla sijasalimia mtu, nainua mikono juu mwenyewe.