Mathe alivyokataa mlango wa nyuma pale bandarini

Wakuu, sasa.

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeamua kuandika. Sijaongeza chumvi. Picha ninazo, ila mathe, mamangu, amekataa nizipost, anasema leso aliyojifunga ilikuwa imepinda.

Mimi husuka nywele Kawangware. Mathe anauza mboga mtaa wa Raila, kule Kibera, tangu atoke Western akiwa msichana. Juzi juzi alifanyiwa operation ya nyonga. Pale wodini akaniambia kitu kimoja: akipona, anataka kuona bahari.

Akapona. Anatembea na fimbo, polepole, lakini anatembea.

Nikatafuta, nikapata meli ndogo ya watalii inayotoka kabandari fulani huko Coast, inazunguka visiwa na kurudi jioni. Nikakata tiketi mbili. Jina la mahali nitaliacha.

Tumefika getini, mathe na leso yake na kiondo chenye ndizi na thermos ya uji. Soja hata hakutuuliza kitu.

"Wauzaji wanapitia nyuma."

Nikamwonyesha tiketi kwa simu. Akaangalia simu, akaangalia viatu vya mathe, akasema basi tungoje kando, wageni waingie kwanza.

Tukangoja. Jua hilo, wakuu! Hakuna kiti. Watu wanashuka kwa mabasi ya hoteli, wanapewa juice, wanapita. Wazungu, na Wakenya wenzetu pia. Mguu wa mathe ukaanza kutetemeka, na ananiambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza tu, wasije wakatunyima kabisa."

Hiyo ndio iliniuma. Huyu mama hajawahi kunyamazia mtu pale Raila.

Nikamwambia, "Mathe, tulilipa kama wao."

Akaniangalia. Kisha akamzunguka soja na fimbo yake, akaingia kwenye kivuli, akakaa kwa kiti cha kwanza.

Meneja akaja mbio, kijana wa tai. "Mama, hapa ni pa wageni."

"Na mimi ni mgeni. Bahari yenyewe ndio naiona leo."

"Tutawapitisha ngazi ya nyuma, ni haraka."

"Ngazi siwezi. Na hata kama ningeweza, sitaki."

Honi ya meli ikalia. Nikamwambia meneja mathe atapita mbele, kwa njia ya wheelchair iliyokuwa hapo, ama tutakaa hapo hapo mpaka meli irudi. Niliogopa, siwadanganyi. Wangetuacha, singekuwa na uwezo wa kumleta tena.

Akasoma tiketi mara mbili. Akashika redio: "Shikilia meli kidogo. Kuna wageni wawili."

Mathe alipita mbele, taratibu, na wote wakangoja. Soja hakuomba msamaha. Hatukumngoja aombe.

Na bahari yenyewe? Mathe alitapika karibu njia yote, haha. Nikamwambia ashuke chini alale, akanikazia macho: "Nimetoka Kibera kuona maji, si kuona kitanda." Akapangusa mdomo, akashika reli, akaendelea kutazama.

Nilichojifunza: ukiwa na haki ya kuingia, usisimame kando kwa sababu mtu amekupima kwa macho. Ingia, keti. Wacha wao ndio wahangaike.

Wewe umewahi kuonyeshwa mlango wa nyuma? Ulifanyaje? Na wale mtasema tulikosa adabu, karibuni pia. Leo nina nguvu ya kuwajibu.