Paka wa Leonsia Nyuma ya Magunia

Mimi Kwandu nilimfungia Leonsia mlango mara mbili, na mara zote mbili hakutaka kitu kwangu ila paka wake. Nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu, maana hapa Nyakahura watu hawana dogo.

Leonsia Niyokwizera ni jirani yangu, migomba yetu imepakana. Aliingia nchi hii mwaka wa sabini na mbili, mtoto wa miaka sita, wazazi wake wakikimbia Burundi. Walivuka mto, na walipojihesabu ng'ambo ya huku wakakuta wamepungua mmoja, mdogo wake wa kiume. Hakuna aliyeona alipopotelea. Tangu siku hiyo Leonsia hana raha mpaka kila kiumbe chake kiwe kimerudi nyumbani. Jioni anahesabu kuku, anahesabu mbuzi, na akipita kwangu anauliza, "Mama Mhoja, wote mmerudi?" Mimi na ulimi wangu nikambandika jina, Mama Tuko Wangapi, na jina likashika kitongoji kizima. Yeye alicheka tu.

Maisha yake ni ya jembe, kusuka vikapu, na kuwashika mikono wanawake waliozidiwa na uchungu kabla gari halijafika. Mumewe alishafariki. Mwanawe Fabrice yuko Kahama anajenga nyumba za watu. Ndani akabaki yeye na paka wa kijivu tuliyemwita Bwana Afya, kwa sababu hakuna jiko la mtu ambalo hakulikagua. Alipita juu ya ukuta, chini ya bati, anaingia kwangu kama kwao. Nilimrushia kandambili mara ngapi, na kesho yake yuko palepale.

Sisi ni Wasukuma. Tulihamia huku na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, mimi na mume wangu Ndassa, na mjukuu wetu Kabula, wa miaka mitano, tunakaa naye kwa kuwa mama yake, binti yetu Mhoja, anafanya kazi Mwanza. Mwaka jana wezi walitoboa kihenge chetu cha nje wakatuachia makapi. Mwaka huu nikaapa mahindi yatalala ndani. Magunia ishirini na mawili nikayapanga chumbani kwa Kabula, godoro lake nikalisogeza ukutani. Siku ya gulio, Jumanne, nikanunua vidonge vya mahindi, vile vya kuua wadudu. Muuzaji alikuwa ametandaza vitu vyake chini, akanifungia kwenye karatasi ya daftari, akaniambia, "Tia, funika vizuri, basi." Sikuuliza zaidi. Mimi ni mtu wa kujua mambo, nimuulize nini?

Ndassa alikuwa Nyantakara kuangalia ng'ombe wetu wengine. Jioni hiyo nikatia vidonge viwili viwili kila gunia, nikafunika turubai, vilivyobaki nikavihifadhi kwenye kopo juu ya dari. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Nikafunga na dirisha. Kabula akalala.

Jumatano asubuhi Leonsia akapiga hodi.

"Mama Mhoja, Bwana Afya hakurudi. Hamjamwona?"

"Mimi nachunga paka?"

"Jana jioni nilimwona juu ya ukuta wako. Niruhusu nichungulie tu."

"Wee Mama Tuko Wangapi, nyumba yangu si zizi la paka! Nenda kaulize barabarani, malori ya Rusumo yanakanyaga watu, sembuse paka."

Nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira kwa sababu Kabula alikuwa ameamka anatapika, tumbo linamkata, na mimi mwenyewe kichwa kilinigonga. Nikasema ni malaria. Nikampa panado, nikamrudisha kitandani, nikamfunika blanketi mbili na kuhakikisha dirisha limefungwa upepo usimpige. Nilifanya hivyo kwa upendo wote. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku nzima nilimsikia Leonsia akiita. Alikwenda barabarani akauliza madereva, akashuka kisimani, akapita vichakani na fimbo. Sauti yake ilikuwa inakuja, inapotea, inarudi tena. Kila ilipokaribia nyumba yangu nilihisi kuchefuka, nikadhani ni kelele zake.

Ndassa alirudi jioni akamkuta mtoto kalegea. Asubuhi ya Alhamisi Kabula alikuwa anahema kwa shida, midomo imepauka. Ndassa akakaa kwenye kigoda, akanigeukia.

"Paka wa yule Mrundi alipotea lini?"

"Juzi jioni."

"Na mtoto aliugua lini?"

Nikaweka mkono kwenye paji la Kabula.

"Basi unganisha mwenyewe, mke wangu. Mtu anazunguka siku nzima anatafuta paka, na pa kutafuta anapopataka hasa ni chumbani kwa mjukuu wangu. Lisemwalo lipo."

Jamani, niliamini. Sitawadanganya. Nilikumbuka vile alivyopenda kuuliza kama wote tumerudi, na swali lile nililolicheka miaka kumi na mitano sasa likanitisha. Kumbe anatuhesabu ili iweje? Na hapohapo hodi ikapigwa, na sauti ni yake.

"Mama Mhoja, nasikia Kabula anaumwa. Nimekuja kumwona. Na yule paka, nakuomba, nichungulie nyuma ya magunia tu."

Nani alimwambia kuna magunia? Aliyaona nikiyaingiza, mchana kweupe, akanisaidia na mawili. Lakini siku hiyo sikukumbuka hilo. Nikamfungia mlango usoni, nikapachika komeo. Ndassa akatokea mlango wa nyuma kwenda kumwita Bernardo, kamanda wa walinzi wa jadi, na mganga mmoja wa upande wa pili wa barabara. "Asiingie humu," aliniambia. "Akiingia, mtoto umempoteza."

Nikakaa na Kabula. Alikuwa ananiambia, "Bibi, kunanuka." Nikamwambia ni matapishi. Kweli kulinuka, harufu kama kitunguu saumu kilichochanganywa na samaki wa kuoza. Nilikuwa nimeinusa tangu jana, nikafagia, nikamwaga maji, haikuondoka.

Jua lilikuwa utosini nilipotoka kuchota maji jikoni, nikasahau kufunga mlango wa nyuma. Leonsia alikuwa amesimama pale uani. Sijui alikaa hapo tangu saa ngapi. Nikashika mwiko.

"Ukipita hapa nakupasua!"

"Nipasue," akasema. "Lakini naingia."

Nilimpiga begani kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka hata kunitazama. Alifika mlangoni kwa Kabula, akavuta pumzi mara moja, akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Akainua turubai. Bwana Afya alikuwa nyuma ya magunia, amekauka, meno nje, na pembeni yake panya watatu na nzi wengi, wote wamekufa.

Mimi nikapiga yowe. Nilijua sasa nimeuona uchawi kwa macho.

Leonsia alikuwa amemtafuta paka yule siku mbili, miguu imechanika. Alimruka. Hakumgusa. Alikwenda moja kwa moja kwa Kabula, akamnyanyua na blanketi zake, akakimbia naye mpaka chini ya mwembe wangu mchanga mbali na nyumba, akimpepea kwa kanga.

"Umeweka nini kwenye mahindi? Mama Mhoja! Umeweka nini?"

"Vi-vidonge."

"Vingapi?"

Nilipomwambia alifumba macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kamwite mtu wa bodaboda. Kimbia."

Njiani, mtoto katikati yetu, ndipo aliponieleza. Miaka ile wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara, alikuwa mfagiaji kwenye ghala la chakula. Wakitia vidonge hivyo, ghala lilipigwa kufuli siku nyingi na mlinzi akawekwa mlangoni. Mchukuzi mmoja aliingia kwa dirisha kujilaza juu ya magunia. Walimtoa kwenye machela, na hakuamka tena. "Ni hewa yake inayoua," akasema. "Harufu ile haitoki puani maisha yote."

Hospitalini aliyeeleza ni yeye. Daktari akamwekea Kabula dripu na mashine ya hewa, akaniambia angelala mle usiku mmoja zaidi tungezungumza mengine. Jioni Leonsia akaniaga. "Narudi nikamzike Bwana Afya," akasema, na hapo tu ndipo nilipomwona akilia.

Ijumaa Kabula alikunywa uji. Mchana Ndassa akapiga simu.

"Mtoto?"

"Anaendelea vizuri."

"Mungu mkubwa. Basi sikia, mama. Mchawi tumemkamata. Nilimkuta paka wake amekufa chumbani kwa mtoto, na yeye mwenyewe nikamkuta anachimba shimo aufukie ushahidi. Bernardo amemweka chini ya ulinzi. Kesho watu wanakaa hapa kwetu, na akitoka hapa hatakanyaga tena kijiji hiki. Kuna vijana wanasema kuhama hakutoshi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno matatu tu: nilitia sumu mimi. Lakini nilimwona Ndassa akilini, na watu wote wakijua kwamba Kwandu mjuaji alimlaza mjukuu wake na sumu kwa siku mbili. Nikaona aibu. Nikaogopa.

"Haya," nikasema.

Haya! Nilikata simu nikaketi pembeni ya kitanda cha mtoto aliyeokolewa na mwanamke niliyekuwa nimemuuza kwa neno moja. Usingizi ulikuja saa ngapi, sijui. Nilijichukia, na bado sikupiga simu.

Jumamosi tukaruhusiwa. Bodaboda ilipokata kona kwangu, uwanja ulikuwa umejaa wanaume. Katikati, juu ya udongo, alikuwa Leonsia, kitambaa kimemtoka kichwani, jicho moja limevimba. Pembeni yake wamemlaza paka juu ya gazeti, nzi wamemjaa. Nyuma nikawaona vijana wawili na dumu la njano. Halikuwa na maji, harufu ya petroli niliipata kutoka barabarani.

Kabula akaniponyoka mkononi. Alitembea kwa miguu yake ile myembamba mpaka katikati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama," Leonsia akamjibu.

"Kimya wewe!" Bernardo akamfokea, na kijana mmoja akamvuta Kabula mkono kwa nguvu, mtoto akaanguka.

Hasira ambayo siku zote ilinifanya mjinga ilinipanda, na safari hii ilipata njia ya haki.

"Mwache mjukuu wangu! Na huyo mwacheni!"

"Mama Mhoja, tulia," Ndassa akasema.

"Nitulie nini? Vidonge nilitia mimi. Jumanne, wewe ukiwa Nyantakara. Viwili viwili kila gunia, kwa mkono huu. Paka alikufa kwa sumu yangu, panya walikufa kwa sumu yangu, na Kabula angekufa. Huyu ndiye aliyemtoa. Nilimpiga na mwiko akiwa anamtoa!"

Minong'ono ikazuka. Mzee mmoja akasema mama amerogwa, anamtetea aliyemroga. Wengine wakaitikia. Nikaona nawapoteza, na vijana wa dumu wakainuka.

Nikaingia ndani nikachukua mkeka. Nikautandaza kizingitini mwa chumba kile, turubai limerudishiwa na dirisha limefungwa, kama Ndassa alivyokiacha. "Haya basi. Kama ni paka, paka yuko pale nje, amekufa. Humu ndani kuna mahindi tu. Nani ataingia alale hapa mpaka kesho? Bernardo, kamanda, wewe una dawa za mganga mwilini, ingia. Nitakufunika mimi mwenyewe."

Bernardo akaja. Watu wote walikuwa wanamtazama, hakuwa na namna. Akaweka mguu mmoja ndani. Akavuta pumzi. Nilimwona usoni jinsi mtu mzima anavyoelewa jambo. Akafunika pua kwa mkono wa shati, akarudi kinyumenyume mpaka jua likampiga.

Alikwenda kwa vijana, akawanyang'anya lile dumu. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja, wengine bila hata kuaga. Ndassa aliingia zizini akakaa na ng'ombe wake.

Nikabaki na Leonsia. Nikamwinua, nikampangusa vumbi, nikamfunga kitambaa kichwani. Nilimwomba msamaha, na nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Nikamwambia, "Yamekwisha sasa, Mama Fabrice. Si umeona? Wamesikia wote."

Aliinama akamfunga paka wake kwenye lile gazeti, taratibu, akampakata.

"Wamekusikia wewe," akasema. "Mimi tangu Alhamisi nawaambia ni vidonge. Nimewaambia mpaka sauti imekauka. Mama Mhoja, siku wewe ukiwa hupo, nani atanisemea?"

Nami Kwandu, mwenye mdomo wote huu, nikachukua jembe nikamfuata kwake kumzika Bwana Afya.