Korido ya Somoe

Somoe binti Khalfani alikuwa na haja moja tu, nayo ni kiti. Si gari, si nyumba ya ghorofa Mbezi Beach, wala si zile safari ambazo mashoga zake wa Mtoni hupanga kila mwaka na kuahirisha kila mwaka. Kiti. Tena alikuwa anakijua kwa sura: kile chenye magurudumu, kilichokaa ndani ya kijumba cha kioo cha msimamizi, pale ambapo feni inapuliza na mtu anaweza kunyoosha miguu huku akiziangalia mashine kwa mbali kama anayetazama televisheni.

Kabla hujamcheka, nenda kwanza ukasimame pale alipokuwa akisimama yeye. Kiwanda chenyewe kiko upande wa Gongo la Mboto, ndani kidogo ya Barabara ya Pugu, na kinatengeneza mazulia ya vipande, yale ya miraba ambayo hupangwa kwenye maofisi na mahotelini. Watu wengi hudhani kipande kile ni kitu kimoja. Wapi! Juu kuna manyoya, chini ya manyoya kuna kitambaa kinachoyashika, kisha gundi, kisha wavu mwembamba unaozuia kipande kisivutike, na chini kabisa kuna tabaka zito linalolala sakafuni. Hilo la chini pale kiwandani wanaliita mgongo. Vyote hukutanishwa na rola kubwa na kupitishwa tanurini vishikane, na mdomoni mwa tanuri, pale vinapotoka vingali vya moto, ndipo alipokuwa Somoe tangu kiwanda kilipofunguliwa. Kazi yake ilikuwa kubonyeza pembe kwa glavu nene, kutafuta sehemu zilizofura, na kupiga kelele mashine isimamishwe kama matabaka yamekataana. Kelele alikuwa nazo. Miguu ndiyo iliyokuwa imeanza kumgomea. Jioni ilikuwa inavimba hadi mikanda ya kandambili inaacha alama, na mumewe, Nassibu, fundi mwashi aliyekwisha kustaafu, alikuwa akiitazama na kuguna tu.

Ndipo meneja wa uzalishaji, Elibariki, mtu wa Same asiyependa makelele, akaja na mgongo mpya. Alitaka yale mabaki yanayokatwa pembezoni, ambayo siku zote hutupwa, yasagwe, yachanganywe na gundi nyingine, yawe mgongo. Mwenye kiwanda alikubali kwa sharti moja: mgongo ujaribiwe kwanza kwa kukanyagwa. Ukifaulu, wangefunga mtambo mpya, na mtambo mpya ungehitaji msimamizi.

"Msimamizi ni wewe, Bi Somoe," Elibariki akamwambia. "Kile kiti ni chako. Lakini mpaka mgongo ufaulu."

"Utafaulu, baba," Somoe akasema, kana kwamba ni yeye atakayeushikilia kwa mikono.

Vipande vya majaribio vikalazwa kwenye korido ya kuelekea kantini, njia ambayo hakuna mfanyakazi asiyeipita. Elibariki, aliyekuwa na mitambo yake ya kuhangaika nayo, akamkabidhi Somoe korido kwa maneno machache. "Korido hii ni yako," alisema. "Itunze."

Basi, kazi yote iliharibikia kwenye neno hilo moja. Elibariki alikuwa na maana ya kuyasimamia majaribio: kuangalia watu wanapita, kuangalia pembe zinainuka au haziinuki. Lakini Somoe ni mtoto wa Mtoni. Amelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni anavua viatu uani, sembuse sebuleni, na ambayo mtu akikanyaga mkeka kwa kiatu huulizwa kwao wanafuga nini. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha zulia jipya ukamwambia alitunze, unategemea nini?

Kesho yake asubuhi akasimama mdomoni mwa korido, mikono kiunoni.

"Viatu!"

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Marselino, fundi umeme, aliyekuja na buti zenye mchanga wote wa Gongo la Mboto.

"Bi Somoe, kwani hii kantini au msikiti?"

"Zulia. Vua."

"Soksi zangu zimetoboka."

"Zitoboke. Nimekuuliza soksi mie?"

Marselino akavua, na waliokuwa nyuma yake wakavua. Baada ya siku chache hapakuwa na haja ya kumwambia mtu. Mdomoni mwa korido paliota lundo la buti, raba na kandambili, utadhani ndani kuna hitima. Toroli la kubebea masufuria ya wali likaamriwa kuzunguka nje. Na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mji huu nani asiyejua kuvua viatu? Elibariki mwenyewe alipita siku moja simu ikiwa sikioni, akaliona lile lundo, akavua moka zake bila kukatisha mazungumzo, akapita na soksi. Kila alipopita aliinama, akabonyeza pembe, akaikuta imelala. Alikuwa akiondoka anapiga mluzi.

Somoe naye alianza kujiona ameshakaa. Alimwambia Nassibu, na Nassibu, ambaye siri kwake haikai hata kwa gundi ya kiwandani, akawaambia majirani. Mtaani wakaanza kumwita bosi. Aliwakemea kwa mdomo, lakini usoni alikuwa anacheka.

Muda wa majaribio ulipokaribia kwisha akaja mgeni, Auleria, mama mmoja mtanashati anayenunua vifaa vya hoteli huko Mbezi Beach. Alikuwa anataka mazulia ya kumbi na vyumba, na Elibariki akataka aone mgongo mpya ulivyovumilia. Wakafika koridoni, Auleria amevaa visigino virefu vinavyogonga saruji ko, ko, ko.

"Dada yangu, karibu sana," Somoe akamwambia. "Ila viatu, tafadhali."

Auleria akavua bila ubishi, akavishika mkononi, akatembea korido nzima peku. Akarudi amefurahi kweli.

"Jamani, haya mazuri! Yaani kama vile hayajakanyagwa!"

Alikuwa anasifia. Elibariki akacheka, na Somoe akaanza kucheka pia, kisha kicheko kikamkwama. Akaviangalia vile visigino mkononi mwa mgeni. Akaligeukia lundo la buti mlangoni. Hayajakanyagwa. Ndiyo, hayajakanyagwa! Watu wa hotelini watakuja na visigino na masanduku ya magurudumu, nani atawasimamia mlangoni awavue? Korido yote ile ilikuwa imepapaswa tu kwa nyayo na soksi. Na aliyefanya hivyo ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, kila asubuhi.

Mgeni akapelekwa ofisini kunywa chai. Somoe akabaki pale koridoni. Niseme ukweli, alifikiria kunyamaza. Alifikiria sana. Hakuna aliyegundua, na hata kama zulia lingekuja kuachana, lingeachana huko Mbezi Beach, yeye akiwa zamani ameshaketi, na lawama zingekwenda kwa gundi. Miguu ilikuwa inamuuma wakati anawaza hayo. Lakini kila alipojiona kwenye kile kiti, alijiona anakisikiliza kila kisigino kinachopita huko hotelini, na hakuona atakaaje humo kwa raha.

Hakutaka kumvunjia Elibariki heshima mbele ya mgeni. Akamsubiri atoke, akamvuta pembeni ya stoo.

"Baba, ule mgongo haujajaribiwa."

"Haujajaribiwa vipi? Umelala pale muda wote huu."

"Umelala, ndiyo. Nimewavua watu viatu. Wote. Toroli nimelizungusha nje. Uliniambia niitunze, nikaitunza."

Elibariki akatazama miguu yake, soksi tupu, moka amezisahau kule mlangoni.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, baba."

Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeshikwa, halafu likaisha taratibu. "Tukirudia na viatu unaweza kufeli. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na kiti je?"

"Nakijua kiti," Somoe akasema. "Mie nakiotaga kile kiti. Lakini rudia."

Elibariki akarudi ofisini, akamwambia Auleria kwamba kwa sasa watampa mazulia ya mgongo wa zamani. Majaribio yakaanza upya.

Ikaja kuonekana kwamba kumfundisha mtu wa hapa kukanyaga zulia na kiatu ni kazi kuliko kumvua. Somoe akarudi mdomoni mwa korido, safari hii akipiga kelele, "Vaa! Vaa buti!" Watu wakamdhania amechanganyikiwa. Walikuwa wanafika, miguu inajivua yenyewe, wanafukuzwa, wanarudi kuvaa. Marselino alimuuliza kama siku hizi amebadili dini. Siku ya kwanza alipopita yeye mwenyewe na buti zake za kazi, Somoe alitembea kwa ncha za vidole, na midomo ikawa inasema samahani, samahani, sijui akimwomba nani. Toroli la masufuria likarudishwa. Mchanga ukaingia.

Siku ya kung'oa vipande, walikusanyika wengi. Somoe akapiga goti, akaingiza kucha pembeni mwa kipande kilichokuwa katikati ya njia ya toroli, akavuta. Alikuwa anaomba kimoyomoyo mgongo usibanduke. Mgongo ukaachana na wavu taratibu, mwepesi, kama chapati ya maji inayotoka kwenye kikaango. Akavuta cha pili. Cha tatu hakukivuta, kilikuwa kimeinuka chenyewe.

"Wewe ndiye uliyeisimamia korido," Elibariki akasema kwa upole. "Unasemaje?"

Wote wakamtazama. Walikuwa wanajua habari ya kiti, Nassibu alikwisha kuhakikisha hilo.

"Haufai," Somoe akasema.

Elibariki akaitikia kwa kichwa. Alisema atatafuta gundi nyingine, lakini mtambo mpya usubiri, na lini, mwenye kiwanda ndiye ajuaye. Watu wakatawanyika. Somoe akavaa glavu zake, akarudi mdomoni mwa tanuri. Najma, binti anayesimama naye upande wa pili wa rola, akamwinamia.

"Bi Somoe, si ungenyamaza tu?"

"Bonyeza pembe hiyo, inafura," Somoe akamjibu, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi wala hakuyafuta.

Jioni Nassibu alikuwa barazani. Alimwona mkewe anavyotembea, akajua, lakini akauliza.

"Vipi, wamekukalisha?"

"Nimekikataa. Kwa mdomo wangu."

Somoe akamweleza yote pale pale mlangoni, bila kuruka neno, akingoja aambiwe mjinga. Nassibu aliinuka akaingia ndani, vyombo vikalia jikoni kwa muda mrefu, kisha akatoka na beseni la maji ya moto yenye chumvi, maji yanamwagikia kanzu, kwa kuwa tangu amuoe hakuwahi kubeba beseni. Akaliweka chini mbele ya mkewe. Akachuchumaa kwa tabu, magoti yakilia, akaushika mguu mmoja uliovimba, akauingiza majini, akaushika wa pili.

"Si ya moto sana?" akauliza, hakuinua uso.

"Ya moto kidogo," Somoe akasema, akaiacha miguu humo humo.