Manyoya ya Mkiani

Uzi wa nailoni ukiungua pamoja na unyoya wa kuku hutoa harufu kali, kama nywele zilizopitiwa na chanuo la moto. Juzi, uani kwa kaka yangu kule Kisesa, niliwasha kiberiti nichome ncha ya uzi kama ninavyofanya siku zote. Harufu ikapanda, nikajikuta Igogo tena, nina miaka kumi, magoti yamechubuliwa na mawe ya ziwani.

Mama alikuwa msusi. Wateja walikaa kwenye mkeka mlangoni, yeye juu ya kigoda, akizungusha uzi mweusi mpaka kila fungu la nywele linasimama lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukata uzi, nayo ilinishinda, maana nilikuwa situlii. Mama aliwaambia wateja kwamba nilizaliwa nimekalia siafu.

Kitu pekee kilichoniketisha ni kopo la baba mdogo Shabani. Alikuwa mdogo wake marehemu baba, mtu wa kutokea bila taarifa na begi moja na lile kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na ndoano ndogo, nta, nywele za mkia wa mbuzi na manyoya ya kila ndege aliyekutana naye njiani. Alibana ndoano kwa koleo, akazungusha uzi, akazungusha unyoya, akachoma ncha, na pale mkononi mwake pakawa na mdudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi kisha wanakufuata mpaka kwenye ugali. Soga, wale samaki wadogo wa ziwani, walimrukia huyo mdudu wa bandia na kuwaacha wa kweli.

Mwaka nilipokuwa darasa la nne alikaa kwetu wiki tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipomwona anafua begi nikajua safari imefika. Alikuwa anakwenda Ukerewe, Jumamosi asubuhi. Nikamwambia twende wote. Nililisema mbele ya mama, kichwa cha mteja kikiwa mapajani mwake, na mama hakuinua uso. Baba mdogo alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Funga mdudu wako mwenyewe," akasema. "Akileta samaki kabla ya Jumamosi, tunaondoka wote."

Manyoya alinichagulia yeye, ya mkia wa jogoo, marefu, meusi yenye kung'aa kijani. Sikuwahi kupewa kitu kizuri hivyo. Nikafunga kama nilivyoona nyumbani kila siku, mzunguko juu ya mzunguko, kwa kukaza, maana kwetu uzi uliolegea ulikuwa aibu ya nyumba nzima. Baba mdogo akapitisha kidole juu yake, akasema safi kabisa, kaza hivyo hivyo.

Siku nne nilisimama kwenye mawe na ufito wangu. Siku ya tatu hata shule sikwenda. Samaki walikuja, wakamtazama, wakageuka. Mdudu wangu alielea majini kama brashi ya viatu.

Ijumaa asubuhi wadudu wa ziwani waliangukia mawe kwa maelfu. Nikamchukua mmoja nikamweka juu ya ukucha. Alikuwa na miguu michache tu, laini, inayotikisika hata kwa pumzi yangu. Nikampulizia na wangu. Hakutikisika. Nikakimbia nyumbani.

Kuku wa mama alikuwa ameatamia nyuma ya jiko, na manyoya ya shingo yake yalikuwa ya madoadoa, laini kama pamba. Alinidonoa mpaka damu ikatoka, lakini mayai yake hakuyaacha, na mimi sikujua kiasi. Nilipomwachia, shingo ilikuwa uchi. Nikarudi ziwani. Safari hii nilizungusha unyoya mmoja tu, mara mbili, na uzi kidogo ambao mama angeuonea haya. Soga aliupokea kabla haujazama.

Nilifika mlangoni samaki bado anarukaruka ndani ya sketi yangu. Begi halikuwepo. Kopo lilikuwa limewekwa juu ya mkeka wangu.

Mama alinieleza bila kuacha kusuka. Baba mdogo alikwenda jikoni kutafuta moto wa sigara, akamwona yule kuku. Akacheka, kisha akairudisha sigara mfukoni. "Shemeji, huyu kashajua ni manyoya yapi," alisema, akafunga begi.

Nilimchukia miaka mingi. Darasa la sita niliacha shule nikamfuata: Ukerewe, Sengerema, Musoma. Kila mahali niliambiwa ameondoka juzi. Niliamini alinipa manyoya magumu kwa sababu hakunitaka, na sikujiuliza kwa nini basi aliniachia kopo. Wala sikujiuliza kwa nini mtu aliyezoea kuaga akicheka alishindwa kuningoja nije na samaki wangu.

Juzi, moshi wa kiberiti ulipotulia, Zawadi, binti wa kaka yangu, alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Ana miaka tisa na hatulii.

"Shangazi, ukiondoka twende wote."

Wifi yangu alikuwa anachambua mchele karibu nasi. Mikono yake ikasimama, lakini hakuinua uso. Ndipo nikamwelewa baba mdogo, maana mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya kopo bila kuniuliza. Nikamwambia Zawadi afunge mdudu wake mwenyewe, akileta samaki tutaona. Kisha nikamchagulia manyoya mazuri kuliko yote, ya mkiani.

Leo ni siku ya tatu. Begi langu limekauka kwenye kamba. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nakwenda nyuma ya jiko kumtazama kuku wa wifi. Shingo yake bado nzima. Siku nitakayoikuta uchi, sijui kama nitalivuta lile begi, au nitakaa nimngoje Zawadi aje na samaki wake.