Maua Yasiyodai Ndoo

Umewahi kumwona mtu akiamriwa kuua kazi ya mikono yake mwenyewe? Mimi nimemwona, hapa ofisini kwetu Mokhotlong, huku milimani. Mtunza bustani wetu hupanda katikati ya mawe vimaua vya zambarau, vifupi, vyenye majani manene. Kila asubuhi huchomeka kidole kwenye changarawe, hukinusa, kisha huguna kwa kuridhika. Hamwagilii kamwe. Kucha zake zimelika kwa mawe. Juzi mkuu mpya, Ntate Lebusa (ntate ni bwana, kwa lugha ya huku), alimfokea mbele yetu: "Mama, mgeni anakuja Ijumaa! Yamwagilie ndoo kumi kila siku!"

"Yataoza mizizi, ntate. Hawa ni watoto wa mawe."

"Siku hizi umekuwa profesa?"

Makarani wenzangu wakacheka. Nje ya lango, wanawake walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, wakilisubiri bomba lililokauka. Mtunza bustani alikaza tu blanketi alilojitanda mabegani. Asubuhi iliyofuata alijaza ndoo kwenye tangi la ofisi, akayapita maua, akatoka langoni, akammiminia bibi wa kwanza kwenye foleni. Mkuu akapayuka dirishani, "Mama, maua!"

"Yalishakunywa, ntate," alijibu, akirudi kujaza nyingine. "Mwaka juzi."